Maisha ya John Kemeny, Aliyewafundisha Wengi Kusema na Kompyuta

Muhula huu yametokea mabishano makubwa katika chama chetu cha kompyuta. Tangu chama kianzishwe, wanachama wamekuwa wakijifunza lugha ya BASIC katika kitabu kimoja cha zamani, ambacho jalada lake limekwisha kung'oka na kurasa zake zimeshonwa kwa uzi. Sasa mwalimu wetu ameamua kwamba kuanzia muhula ujao tuhamie lugha ya Python, ambayo leo hutumika sana vyuoni na makazini. Baadhi yetu wamefurahi. Wengine wamenung'unika, wakisema kwamba miaka miwili waliyokaa na BASIC imepotea kama maji yaliyomwagwa mchangani. Tena wako vijana wa kidato cha kwanza, ambao hawajaandika hata mstari mmoja, nao tayari wanawacheka wakubwa wao kwa kujua lugha ya wazee.

Mimi ni katibu wa chama hicho, nami nimesikiliza maneno ya pande zote mbili. Katika mabishano hayo yote sikusikia hata mtu mmoja akiuliza lugha hiyo ilitungwa na nani, wala kwa sababu gani. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaandikie habari za maisha ya mtu huyo. Mwenye kuyafahamu maisha yake atajua mwenyewe la kuchukua na la kuacha.

John George Kemeny alizaliwa tarehe 31 Mei 1926 katika mji wa Budapest, ulio mji mkuu wa Hungaria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Miaka ile ya utoto wake ilikuwa miaka ya hofu kwa watu wa kabila lake, kwa kuwa Hitler alikwisha shika utawala huko Ujerumani, na mwaka wa 1938 akaitwaa na Austria, nchi inayopakana na Hungaria. Baba yake Kemeny alikuwa mtu mwenye kuona mbele. Alitangulia peke yake kwenda Marekani kutafuta riziki na mahali pa kukaa, na mwaka wa 1940 mke wake na watoto wakamfuata mpaka New York. Babu yake John alikataa kuiacha nchi yake. Mzee huyo, pamoja na jamaa wengine waliobaki, aliangamia katika mauaji ya Wayahudi yaliyofuata.

Basi kijana Kemeny, mwenye umri wa miaka kama 13, akajikuta katika mji mkubwa wa kigeni, amepoteza nchi, marafiki na lugha. Kiingereza alichokijua kilikuwa kidogo sana. Akatiwa katika shule ya sekondari iitwayo George Washington, pamoja na watoto waliozaliwa wakisema lugha hiyo. Lakini saba ikawa ni saba ileile, na pembe tatu haikubadilika kwa kuvuka bahari. Akazishika hesabu alizozijua, akajifunza maneno mapya ya kuzielezea, na baada ya miaka 3 akamaliza shule hali yeye ndiye wa kwanza katika darasa lake. Nawaomba wasomaji waliweke jambo hili moyoni, kwa maana nitalirudia mbele.

Mwaka wa 1943 aliingia Chuo Kikuu cha Princeton kusoma hisabati. Hakukaa sana kabla ya kuitwa jeshini, maana vita vilikuwa havijakwisha. Mwaka wa 1945 akapelekwa Los Alamos, mahali pa siri katika jimbo la New Mexico, walipokusanywa wataalamu kutengeneza bomu la atomiki. Mkuu wake wa kazi alikuwa Richard Feynman, ambaye baadaye alipata sifa duniani kote kwa elimu ya fizikia. Kazi ya Kemeny ilikuwa kupiga hesabu. Wakati ule hapakuwa na kompyuta kama tuzijuazo. Palikuwa na mashine 17 za IBM, zilizoundwa kwa ajili ya hesabu za biashara, zenye kusoma kadi zilizotobolewa matundu. Mashine hizo ziliendeshwa kwa zamu saa 24, siku 6 za juma, na hesabu moja iliweza kuchukua majuma. Huko huko alimsikia John von Neumann, Mhungaria mwenzake, akieleza jinsi mashine za siku zijazo zitakavyoweza kuzihifadhi amri zake ndani yake zenyewe. Kijana yule akatoka Los Alamos akiwa na hamu ya kuiona siku hiyo.

Vita vilipokwisha alirudi Princeton, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1949, naye ana umri wa miaka 23 tu. Aliyemwongoza alikuwa Alonzo Church, bingwa wa mantiki. Katika kipindi hicho alifanya kazi pia kuwa msaidizi wa Albert Einstein katika mambo ya hisabati. Wengi wetu tukisikia hivyo hudhani kwamba mtu aliyekaa na Einstein hatakubali tena kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kumbe Kemeny alipenda kufundisha kuliko mambo mengine yote. Mwaka wa 1953 akakubali kwenda Chuo cha Dartmouth, katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, na baada ya miaka 2 akafanywa mkuu wa idara ya hisabati. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30.

Mwaka wa 1956 akamwajiri Thomas Kurtz, kijana mwingine kutoka Princeton, na hao wawili wakawa kama chanda na pete. Dartmouth haikuwa na kompyuta. Mtu akitaka kuitumia ilimlazimu kusafiri mpaka karibu na Boston, mwendo wa kilometa zipatazo 217. Kurtz alikuwa akipanda gari la moshi alfajiri kila baada ya majuma mawili, amebeba sanduku la chuma lililojaa kadi. Kadi hizo zilitiwa katika mashine, na jioni akarudi na majibu. Kama palikuwa na kosa dogo, tuseme koma moja imesahauliwa, jibu halikupatikana, na safari nyingine ikangojwa.

Hata penye kompyuta chuoni, desturi ya siku zile ilikuwa ngumu. Mwanafunzi hakuiona mashine yenyewe. Alipeleka kadi zake dirishani, mtumishi akazipokea, naye akaja siku ya pili kuuliza. Lugha nazo zilikuwa za wataalamu. FORTRAN, iliyotolewa mwaka wa 1957, ilisaidia sana wahandisi na watu wa sayansi, lakini ilikuwa na kanuni nyingi za kukariri kabla mtu hajaweza kujumlisha hesabu mbili.

Kemeny na Kurtz waliyatazama mambo haya kwa jicho la ualimu. Huko Dartmouth, robo tatu ya wanafunzi hawakusomea sayansi wala uhandisi. Walisoma historia, lugha na siasa. Kemeny aliwaza hivi: watu hawa ndio watakaokuwa wakubwa wa serikali na wa makampuni, nao watakata mashauri juu ya kompyuta. Wakikata mashauri juu ya kitu ambacho hawajakigusa kwa mikono yao, nchi itapata hasara. Basi sharti kila mwanafunzi aitumie kompyuta, na sharti ipatikane kama kitabu katika maktaba, yaani aingie, aitumie, atoke, bila ya kuombewa ruhusa na mtu.

Mwaka wa 1959 chuo kilinunua mashine ndogo iliyoitwa LGP-30, na hapo waalimu waliona jambo la ajabu. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, walipoachwa na mashine ile, waliandika wenyewe programu kubwa ya kufasiri lugha ya ALGOL, kazi ambayo wengi walidhani ni ya mabingwa tu. Tangu siku hiyo Kemeny hakuogopa kuwapa vijana kazi nzito.

Kisha Kurtz akaleta shauri la kugawana wakati. Nitalieleza kwa mfano. Mama mwenye sufuria moja na watoto kumi hawezi kumlisha mtoto wa kwanza mpaka ashibe ndipo amgeukie wa pili, maana wa kumi atalala na njaa. Humpa kila mmoja kijiko kimoja, akazunguka, akaanza tena, na kila mtoto huona kama kwamba analishwa yeye peke yake. Kompyuta hupiga hesabu upesi kuliko mtu anavyoweza kugonga taipu. Basi iweze kumhudumia mmoja kwa nukta chache, ikahamia kwa mwingine, ikarudi, na kila mtu mbele ya taipu yake asijue kwamba wako wengine.

Waliomba fedha za serikali kupitia shirika la taifa la sayansi. Baadhi ya watu walitia shaka, kwa kuwa kazi kubwa ya kuandika programu ingefanywa na wanafunzi, lakini fedha zikatolewa. Kemeny mwenyewe alianza kuandika mfasiri wa lugha mpya mwaka wa 1963. Mapema mwaka wa 1964 mashine kutoka kampuni ya General Electric zikafika, na wanafunzi wakakesha nazo. Tarehe 1 Mei 1964, yapata saa 10 alfajiri, Kemeny na mwanafunzi mmoja walikaa kila mtu kwenye taipu yake, wakaamuru programu zao ziende kwa wakati mmoja. Majibu yakatoka kwa wote wawili, nayo yalikuwa sawa. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa BASIC.

Lugha hiyo ya kwanza ilikuwa na amri 14 tu. Zilichaguliwa katika maneno ya Kiingereza ya kila siku, ili mtu aliyejifunza kwa saa mbili au tatu aweze kuandika programu ya kweli. Kuingia katika mashine kulikuwa kwa kuiamkia, na kutoka kulikuwa kwa kuiaga. Mashine haikutaka mtu aeleze mapema kama hesabu yake ni nzima au ina sehemu, bali yenyewe ilishughulika na jambo hilo. Na mtu akikosea, iliandika kosa kwa maneno yanayosomeka. Wanachama wenzangu watakumbuka programu hii ya jedwali la saba:

10 FOR I = 1 TO 10
20 PRINT I * 7
30 NEXT I
40 END

Nimesikia vijana wakizicheka zile namba zilizo mwanzo wa mistari. Wasicheke kabla ya kujua sababu yake. Mwaka wa 1964 wanafunzi wa Dartmouth hawakuwa na kioo cha kutazamia maandishi. Walikuwa na taipu yenye karatasi, na kilichokwisha pigwa katika karatasi hakirudi. Namba ndizo zilizowasaidia kusahihisha. Mtu akitaka kuongeza mstari kati ya wa 10 na wa 20, aliandika mstari wenye namba 15, na mashine ikauweka mahali pake. Akitaka kuubadilisha wa 20, aliuandika upya kwa namba ileile, na wa zamani ukafutika. Ilikuwa hila nzuri kabisa kwa vyombo vya siku zile.

Chuo kiliiacha lugha hiyo itumike na mtu yeyote bila ya malipo. Kemeny na Kurtz hawakutajirika kwa BASIC. Walitaka ienee, nayo ikaenea. Shule za sekondari zilizokuwa karibu na Dartmouth zikaunganishwa na kompyuta ya chuo kwa njia ya simu, na watoto wa shule wakaandika programu zao wenyewe.

Mwaka wa 1970 Kemeny alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo kizima, akakaa katika kiti hicho mpaka mwaka wa 1981. Nitataja mambo machache tu. Mwaka wa 1972 wanawake waliingia Dartmouth kusomea shahada pamoja na wanaume kwa mara ya kwanza, baada ya chuo kuwa cha wanaume kwa miaka zaidi ya 200. Kadhalika Kemeny alikumbusha kwamba chuo kilianzishwa mwaka wa 1769 kwa ajili ya kuwaelimisha vijana wa wenyeji wa asili wa Marekani, ahadi ambayo ilikuwa imesahauliwa, akaanza kuwatafuta na kuwaandikisha. Na ingawa kazi za ukuu zilikuwa nyingi, hakuacha kuingia darasani kufundisha hisabati.

Tarehe 28 Machi 1979 ilitokea ajali katika mtambo wa umeme wa atomiki uitwao Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Rais Carter akamfanya Kemeny mwenyekiti wa tume ya uchunguzi. Katika mwezi wa Oktoba mwaka uleule tume ikatoa taarifa yake. Ilionekana kwamba shida kubwa ilikuwa upande wa watu kuliko upande wa vyuma: mafunzo hayakutosha, maongozi yalichanganya, na katika dakika za kwanza ving'ora na taa za hatari zaidi ya 100 ziliwaka pamoja hata wahudumu wasijue watazame wapi. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta jinsi mashine inavyopasa kusema na binadamu alikuwa ndiye hasa wa kuliona jambo hilo.

Sasa turudi kwenye lugha yake, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1975 kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800 ilianza kuuzwa Marekani kwa watu wapendao kuunda vyombo nyumbani kwao. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliitengenezea BASIC, na huo ukawa mwanzo wa kampuni ya Microsoft. Kisha zikaja kompyuta za nyumbani za Apple, Commodore na nyinginezo, na karibu kila moja ilikuwa na BASIC yake ndani. Watu wengi mno waliandika programu yao ya kwanza kwa lugha hiyo, usiku, sebuleni, kwa kujifurahisha.

Lakini mashine hizo zilikuwa na nafasi ndogo sana ya kumbukumbu. BASIC ya kwanza ya Altair ilibanwa mpaka ikaenea katika kilobaiti 4. Ili lugha iingie humo ilibidi ikatwe huku na huku, na kila kampuni ilikata kwa namna yake. Programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja haikukubali kwenda katika mashine ya nyingine. Majina ya kuwekea hesabu yakawa ya herufi moja au mbili. Na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine nzuri ya kupanga kazi, watu walitegemea mno amri ya GOTO, ambayo huiambia mashine iruke mpaka mstari wenye namba fulani.

Katika programu fupi GOTO haina madhara makubwa. Lakini programu ikifika mistari 500, kuisoma ni kama kufuata nyayo za mbuzi aliyekata kamba. Hutoka mstari wa 40 akaenda wa 310, akarudi wa 90, akaruka tena wa 420, na mfuasi huchoka asijue mbuzi alikusudia kwenda wapi. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliipinga amri hiyo tangu mwaka wa 1968, na mwaka wa 1975 akasema kwa ukali kwamba wanafunzi walioanza na BASIC karibu hawawezekani tena kufundishwa kuandika programu nzuri.

Wasomaji, jiwekeni katika hali ya Kemeny. Kitu alichokitunga kwa ajili ya kuwafungulia watu mlango sasa chasemwa kuwa kinaharibu akili zao. Watu wa namna mbili wangemzunguka. Wa kwanza wangemwambia aitetee kazi yake kwa kila neno, maana ndiyo iliyompa jina. Wa pili wangemwambia aitupe. Yeye hakufuata shauri la hao wala la hao. Huko Dartmouth lugha ilikuwa imekwisha rekebishwa mara kadhaa, na matengenezo mengi yaliyotakiwa na wataalamu yalikuwamo tayari. Zile zilizoenea katika mashine za nyumbani aliziita, yeye na Kurtz, BASIC za mitaani.

Basi mwaka wa 1983, Kemeny naye ana umri wa miaka 57, waliunda kampuni wakaandika lugha upya, wakaiita True BASIC, yaani BASIC ya kweli. Ikauzwa tangu mwaka wa 1985. Katika lugha hiyo namba za mistari hazikulazimu tena, kwa kuwa sasa watu wana vioo na hawahitaji ile hila ya taipu. Programu iligawanywa katika programu ndogo zenye majina, kila moja ikiweza kutunza hesabu zake bila ya kuvuruga za jirani. Mambo ya kurudiarudia na ya kuchagua yaliandikwa kwa amri zenye mwanzo na mwisho unaoonekana, hata GOTO ikakosa kazi. Tena programu ileile iliweza kwenda katika mashine za kampuni mbalimbali.

Je, ilishinda? Haikushinda. Watu walikuwa wamekwisha zoea BASIC iliyokuja na mashine zao, na wale waliotaka lugha yenye mpango walikwisha hamia Pascal au C. Lakini mimi naona kwamba sifa ya mtu haipimwi kwa mauzo peke yake. Ni vigumu kwa mzee mwenye jina kuichukua kazi ya ujana wake, akaikata kwa mkono wake mwenyewe pale inapokatika, akaiacha pale inapofaa. Kemeny aliyaweza hayo. Aliendelea kufundisha na kufanya kazi, na tarehe 26 Desemba 1992 akafariki dunia kwa ugonjwa wa moyo, huko huko New Hampshire, akiwa na miaka 66. Kurtz aliishi mpaka mwaka wa 2024.

Karibu miaka 2 kabla ya kifo cha Kemeny, Februari 1991, Mholanzi mwingine, Guido van Rossum, alitoa lugha ya Python huko Amsterdam. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika lugha iitwayo ABC, ambayo watungaji wake walikusudia iwafae wanaoanza, ishike mahali pa BASIC. ABC haikuenea, lakini van Rossum alichukua mazuri yake akayatia katika Python. Kwa hiyo wanaosema kwamba Python haina uhusiano wowote na BASIC hawajui ukoo wake. Shabaha ile ya mwaka wa 1964, kwamba mtu wa kawaida asome programu akaielewa, ndiyo iliyopita mkono hadi mkono mpaka ikatufikia. Tazameni jedwali la saba lilivyo sasa:

for i in range(1, 11):
    print(i * 7)

Namba za mistari zimekwenda zake. Neno la kufunga mzunguko halipo tena. Badala yake mstari wa pili umesogezwa ndani, na kusogezwa huko ndiko kunakoiambia mashine kwamba mstari huo ni wa kurudiwa. Wenye mazoea ya BASIC watajikwaa hapa mara ya kwanza, maana katika lugha ya zamani nafasi zilikuwa pambo, na hapa ni sheria. Watajikwaa pia kwenye ile 11, kwa kuwa Python huhesabu mpaka karibu na namba ya mwisho bila ya kuifikia. Na GOTO hawataiona kabisa, hata wakiitafuta kwa tochi. Itawalazimu kuigawa kazi katika sehemu zenye majina kabla ya kuanza kuandika.

Lakini yale mengine yote wanayo. Anayejua kwamba hesabu huwekwa katika jina ili itumike baadaye, anayejua kuuliza kama jambo ni kweli au si kweli, anayejua kurudia kazi mara kumi kwa amri moja, na aliyekwisha kaa usiku akilitafuta kosa lake mwenyewe mstari kwa mstari, huyo habebi mikono mitupu. Kijana Kemeny alipofika New York hakuanza tena kujifunza kujumlisha. Alijifunza maneno mapya ya hesabu alizokuja nazo. Wenzangu mnaonung'unika, nanyi mmo katika safari ya namna hiyo, wala yenu haina bahari wala vita.

Nanyi vijana mnaocheka, jueni kwamba Python nayo itazeeka. Siku moja mtoto ambaye leo hajazaliwa atauliza kwa nini wazee walisogeza mistari ndani. Ikiwa mtakuwa mmejifunza kufikiri, mtamjibu kwa upole, nanyi mtahama pamoja naye.

Neno langu la mwisho ni kwa chama chetu chenyewe. Mpaka sasa kanuni yetu inasema kwamba wanachama watatoka katika madarasa ya sayansi tu, na chumba cha kompyuta hufungwa kwa wengine. Tunabishana juu ya lugha, na mlango tumeufunga. Kemeny aliitunga BASIC hasa kwa ajili ya wale wasiosoma sayansi. Tukiitupa lugha yake tukaishika shabaha yake, hatutakuwa tumempungukia heshima. Tukiishika lugha tukaitupa shabaha, tutakuwa tumehifadhi ganda na kutupa kokwa. Nimekwisha andika hoja kwamba kanuni hiyo ibadilishwe, na itapigiwa kura katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Wanafunzi wa madarasa ya historia, lugha na jiografia wanaotaka kujifunza waniletee majina yao. Viti ni vichache, lakini tutakaa kwa zamu, maana Kemeny na Kurtz walikwisha onyesha kwamba mashine moja yaweza kuwafaa wengi ikiwa wenyewe wanakubali kugawana.